Kitabu Wasichokichapa

Chang'ombe, Jumanne

Hawachapi wala hawaruhusu. Barua ya mchapishaji ya kunijibu imefika: kile kitabu cha useremala hakitachapwa tena, na kutoa nakala yake ni marufuku. Wanaatamia mayai viza na bado wanadonoa watu.

Zaituni, mwanafunzi wangu wa zamani, amekuja leo kutoka Kondoa kukifuata. Jumatatu anaanza kufundisha useremala, na hana kitabu hata kimoja.

"Mwalimu, tukakitoe fotokopi tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Akacheka. "Basi niambie wanakiuza wapi."

Hawakiuzi popote! Kumwazima naogopa, kwa kuwa ninacho hiki kimoja tu, na mchwa wamekwisha kula jalada. Nikifa watakimaliza. Mchwa hawaombi ruhusa.

Nikamwambia afungue daftari. Nimemsomea imla sura nzima ya kuunga mbao bila misumari, nikitaja kila nukta na mkato, kama nilivyofundisha miaka yote. Michoro ameichora mwenyewe kwa rula. Kesho tunaendelea.

Huenda hiyo nayo ni nakala. Sijawauliza wachapishaji, wala sitawaandikia tena.