Mbuzi Waliingia Mauani

Nuu, Mwingi

Dada yangu mpenzi Mghoi,

Hamjambo huko nyumbani? Mguu wa baba unaendeleaje, na mvua imeshaanza huko milimani? Mimi mwili hauna neno, na mwanangu Mwende ameanza kutembea. Lakini nina hasira, dada, hasira ya kunikosesha hamu ya kula, na nisipokuandikia wewe nitapasuka.

Unakumbuka nilivyolia nilipoolewa huku nikakuta mbele ya nyumba ni vumbi jekundu tu. Niliomba vipando kwa akina mama wa kanisani, nikapanda waridi na zinia, nikazungushia ua wa miiba. Mwaka huu jua limekuwa la kuua. Mto umekauka, maji tunachimba mchangani, na tunakula mahindi ya manjano ya msaada. Maua yangu sikuyapa hata kata moja ya maji safi. Nilitumia maji ya kuoshea mboga na ya kumwogeshea mtoto. Niliamka kabla jua halijachomoza, nikamwagia kidogo kidogo kwenye mashina, nikafunika udongo kwa nyasi kavu, na mchana nikatandaza magunia juu yake kuleta kivuli. Zinia zilikufa karibu zote. Lakini waridi lilichanua, dada, jekundu, katika ukame ule! Wapita njia walikuwa wakisimama kulitazama.

Mama mkwe, ambaye hapa tunamwita Mwaitu, hakuyapenda. "Hii maua inakunywa kama ng'ombe," alisema kila siku. "Na haizai kitu." Tulibishana, lakini hatukununiana.

Basi Alhamisi moja nilikwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Kurudi, nikakuta mlango wa ua wazi, mbuzi wote wamo ndani, na maua yametafunwa mpaka yamebaki vijiti. Mwaitu alikuwa katikati na fimbo. Mume wangu Mutua alikuwa ameketi mlangoni. Akanishika mkono, akaninong'oneza, "Pole, Mama Mwende. Ni mama alifungua. Unajua vile anaona hayo maua yako. Usimwambie kitu, ni mzee."

Nikamwamini. Nikaacha kusema na Mwaitu. Zamani tulikwenda mtoni pamoja na punda wangu. Sasa nikawa namtoa punda mapema, naenda peke yangu, na yeye anabeba debe lake mgongoni kwa kamba ya kichwani, na goti lake moja ni bovu. Mutua aliona yote hayo. Alikula kwangu, akavuka uani akaenda kula kwa mama yake, na hakusema neno.

Juzi nikamkuta Mwaitu ameanguka ukingoni mwa mto, maji yote yamemwagika. Nilipomwinua aliniuliza, "Mimi nimekukosea nini?"

"Si wewe uliwafungulia mbuzi?"

Akanikazia macho. "Siku hiyo nilikuwa kwa laini ya mahindi ya msaada tangu asubuhi. Nilifika nikapata mbuzi iko ndani, nikaanza kuifukuza. Uliza bwana yako. Yeye ndiye alikuwa nyumbani."

Dada, sijui nilimpandishaje juu ya punda. Sijui tulifikaje.

Mutua alipotoka sokoni, anakoshonea nguo, Mwaitu alimwita. "Simama hapo. Nani alifungulia mbuzi?"

Aligeuka geuka, mwisho akasema, "Wanaume wa pale barazani sokoni walikuwa wananicheka. Eti ng'ombe zinakufa na bibi yangu anapatia maua maji. Ningefanya nini? Ni maua tu."

"Maua tu?" nikamwambia. "Ungekuja ukaniambia ning'oe, tungegombana yakaisha. Wewe umemtwika mama yako kosa lako, ukatutazama tukipishana bila salamu, ukala vyakula vya sisi wawili ukashiba! Hata goti lake hukulihurumia?"

Mwaitu alilia, na sijawahi kumwona akilia. "Mimi nilichukia maua na mdomo," akamwambia. "Mkono yangu sikuweka. Na wewe ukaweka jina yangu."

Nilimpigia Mwaitu magoti nikaomba radhi. Siku hiyo hiyo alinitandikia kitanda nyumbani kwake, na mpaka leo mimi na Mwende tunalala huko. Punda anatubebea maji sote. Mutua anajipikia mahindi yake, na hayaivi. Ameshaziba ua kwa miiba mipya bila kuambiwa, lakini mimi sikuolewa na fundi wa ua. Nimemwambia aende pale barazani, mbele ya wale wanaomcheka, aseme alichomfanyia mama yake. Hajaenda. Basi nami sijarudi. Usiniandikie kunishauri nimsamehe, maana najua utataka.

Nisalimie baba, na umwambie asilazimishe mguu. Nisalimie shangazi aliyenisindikiza huku, na mdogo wetu wa mwisho, mwambie asome. Mwaitu anakusalimu sana na anauliza kama huko kwetu kuna dawa ya goti.

Mutua naye ameniomba nikupe salamu zake. Nimemwambia kalamu hiyo hapo, akuandikie mwenyewe, na aanzie kwa mbuzi.

Ni mimi mdogo wako,
Wakesho