Mlango wa Rangi ya Buluu

Jumatatu, 3 Juni

Ukuta wa kuutenga mtaa wetu na barabara umekamilika. Baba ndiye aliyepanga matofali ya mwisho, pale pale palipokuwa na kichochoro chetu cha kwendea zahanati. Karudi na simenti kwenye kope, akanawa, akala. Mafundi wote wa mtaa waliitwa na serikali. Aliyekataa, kazi yake ingechukuliwa na mwingine. Mama kalisema hilo mara mbili, kwa sauti, ili Bibi asikie.

Bibi alisikia. Lakini tangu msingi ulipochimbwa hamwiti tena Baba “mwanangu”. Anamwita “fundi”, kama mtu aliyekuja kuziba bomba.

“Fundi, nisogezee maji.”

Baba anasogeza.

Kidonda cha mguuni mwa Bibi kinasafishwa zahanati kila Jumatano na Jumamosi. Kwa kichochoro, ungetoka chai ikiwa moto ukarudi bado ina mvuke. Sasa ni kuzunguka kwa barabara kuu mpaka darajani.

Jua la jioni likiupiga, ukuta unageuka waridi kama ulimi wa paka. Naona aibu kidogo kuuona mzuri.

Jumatano, 5 Juni

Mwalimu wa sanaa kaniita. Kuna mgeni mkubwa wa serikali anakuja Jumamosi ya wiki ijayo, na ukuta utachorwa upande wa barabara. Mada: Jamii Moja, Jamii Tulivu. Nimechaguliwa mimi kuongoza!

Kwenye somo la uraia niliwahi kuandika kwamba serikali ni kama paa, halimchagui wa kumkinga na mvua. Nilipata alama nzuri. Na nilimaanisha.

Nilimweleza Bibi wakati Mama anamrudisha kutoka zahanati kwa toroli la mchanga la Baba, kalala juu ya blanketi kama bibi harusi. Anasema huo ndio usafiri wa serikali aliosubiri tangu ujana.

“Na upande wetu mtachora nini?” kauliza.

Nikasema upande wetu hauonekani.

“Na sisi tunaouona?”

Jumamosi, 8 Juni

Rangi ina harufu ya mvua iliyokaa kwenye bati. Nikichora naacha kusikia magari. Watu wanatoka ukutani polepole, kama waliokuwa wamelala ndani ya matofali: dobi, daktari, dereva, mwalimu, mfagia barabara, wameshikana mikono. Dobi nimempa mabega ya Mama.

Saa nne kaja Afisa wa serikali, yule tunayemwita Bwana Utulivu kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Kasimama, kaingiza mikono mfukoni.

“Dobi asogee nyuma. Daktari aje mbele. Na hawa, mbona hawana viatu?”

“Wameviacha nyumbani, mzee,” Mwalimu akajibu.

“Wavalishwe.”

Tumewavalisha wote. Rangi ya kahawia imeisha, kwa hiyo mfagiaji ana viatu vya kijani. Bibi alipopata habari kasema akichorwa yeye, vyake viwe na soli laini. Dobi sikumsogeza. Nimemchora daktari mkubwa zaidi, na Afisa karidhika.

Jumanne, 11 Juni

Nimeota ukuta ni shuka, umeanikwa kwenye kamba. Upepo unauinua, watu wanapita chini yake wakiinamisha vichwa, wanaombana radhi. Matajiri, maskini, wote wanainama sawasawa.

Nilipoamka nilijua nichore nini pale palipokuwa kichochoro. Mlango. Wa buluu, umefungwa, wenye kitasa cha shaba na kivuli chini. Nimeushughulikia siku nzima. Kuna mbuzi kaja akapiga pembe, kaondoka kachukia.

Jioni Baba kapita akitoka kazini. Kagusa kitasa kwa kidole.

“Kimekaa chini mno.”

“Bibi ni mfupi,” nikasema.

Kasimama hapo mpaka Mwalimu akakunja turubai. Rangi ya buluu ilibaki kidoleni kwake, hakuifuta.

Afisa kaupenda sana. Anasema mlango ni ishara ya utulivu.

Alhamisi, 13 Juni

Jana Bibi hakwenda zahanati. Toroli lilikuwa kazini. Leo bandeji inanuka, naye anasema hazungushwi tena mjini kama gunia. Atasubiri mlango wa mjukuu wake.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika hapa hapa, nimekalia ndoo ya rangi nyuma ya viti vya wageni. Lazima niandike.

Mgeni amefika. Mwanamke mtu mzima, viatu bapa, miwani minene. Kapewa kiti chini ya turubai, ng’ambo ya barabara. Afisa kahutubu kuhusu utulivu. Kisha mgeni kauliza, taratibu tu, wale wanaokaa nyuma ya ukuta wanapita wapi.

Afisa kanyoosha mkono. “Kuna mlango, mheshimiwa. Ule wa buluu.”

“Vizuri. Basi tupite tukawasalimie.”

Mwalimu kaangalia viatu vyake.

“Ufunguo uko ofisini, mheshimiwa.”

“Nitasubiri.”

Na Afisa kamtuma dereva akalete ufunguo! Dereva kauliza ufunguo upi. Kaambiwa aende tu. Kaenda. Mpaka sasa hajarudi, na mgeni bado kakaa, mkoba mapajani, anautazama mlango wangu kama mtu anayesubiri zamu yake. Sijui kama anaona vizuri. Sijui kama anaona vizuri mno.

Mafundi wamepangwa pembeni wapongezwe. Baba yumo, kofia kichwani, mfuko wa zana begani.

Sasa hivi kuna kitu kimegonga ukuta kwa upande wa pili. Taratibu. Kama mkongojo.

“Hodi wenyewe.”

Ni sauti ya Bibi. Kafikaje mpaka pale na mguu ule? Hakuna aliyeitikia. Afisa kaanza kukohoa ili kuifunika. Mgeni kainua mkono, Afisa akaacha kukohoa.

Ukuta ukagongwa tena.

“Hodi, mwanangu.”

Bibi alinifundisha kwamba hodi ni tatu. Baada ya hapo mtu anarudi kwake, na hapaswi kulaumiwa. Amebakiza moja. Baba ameshusha mfuko chini. Anaufungua, anatafuta kitu ndani yake kwa ule mkono wenye kidole cha buluu, na Afisa anamwambia asithubutu. Baba anatoa nyundo.