Mbwa Sebuleni, Mama Langoni

Ijumaa, baada ya magharibi. Leo Nakuru haikupambazuka vizuri. Ukungu ulikaa juu ya mlima Menengai mpaka saa nne asubuhi, na baridi yake imeniingia hadi kwenye viwiko. Au labda si baridi.

Leo mama yangu mzazi amekula chakula cha mchana langoni kwangu. Nje, kwenye kiti cha plastiki, sahani mapajani. Mbwa alikuwa sebuleni.

Tangu niweke picha za mbwa wetu Kaimati hapa, mmekuwa mkiniuliza kwenye maoni: ni wa aina gani, nilimpata wapi, anafaa nyumba yenye watoto? Nimekuwa nikiwajibu kwa kuwarushia alama za mioyo. Leo nitajibu kwa maneno, kwa sababu naona kuna mtu atakayekwenda kununua kwa kunitazama mimi.

Ni mchanganyiko wa poodle na spaniel. Rangi yake ni ya kaimati iliyokaa kwenye mafuta kidogo kupita kiasi, ndiyo maana Nasra, binti yangu wa miaka tisa, akampa jina hilo. Mama aliposikia alisema, "Yaani jina la chakula cha kufuturu mmempa mbwa?" Wakati huo tulikuwa bado tunacheka.

Hatukumleta kwa fasheni. Mwaka jana Nasra aliumwa na mbwa wa mtaani akienda madrasa, na Mama ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Mbwa alitokea nyuma ya bucha akamkamata mtoto mguu. Mama, pamoja na umri wake na magoti yake yanayouma, alivua kiatu akampiga nacho mpaka akaachia. Baadaye kila siku ya sindano Mama alikuwepo kumshika mjukuu wake, maana mimi nilikuwa natoka nje kulia.

Jeraha lilipona. Nasra hakupona. Alikataa kutoka nje ya lango kwa miguu yake. Akisikia mbwa akibweka mtaa wa pili, alikuwa akijikojolea, mtoto wa darasa la nne. Daktari wa watoto akatushauri tumzoeshe polepole, kwa mbwa mdogo na mpole anayependa watoto.

Mama mmoja mwenye shamba upande wa Elmenteita ndiye aliyetuuzia. Sifa alizotumwagia! Hawa hawatoi manyoya, hawanuki, wanapenda watoto kuliko watoto wanavyopendana. Hilo la manyoya nililibeba mpaka Bondeni kwa Mama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia huyu ni msafi, huwezi kuokota unyoya wake hata mmoja kwenye zulia.

Akaniuliza, "Na ulimi hana?"

Nilisoma madrasa ile ile anayosoma Nasra. Najua ute wa mbwa ni najisi, najua chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilijifanya shida ni manyoya kwa sababu hilo la manyoya nilikuwa na jibu lake. Tukaelewana basi mbwa akae nje, bandani, kama mbwa wa watu wote hapa mtaani, na Mama ataendelea kuja kula kwetu kila Ijumaa kama kawaida.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Huyu si mbwa wa banda. Nywele hazidondoki, ni kweli, lakini haziachi kuota, na usipozichana kila siku zinashikana mpaka kwenye ngozi. Changanya na vumbi letu la kiangazi uone. Mara ya kwanza daktari wa mifugo alishindwa kuzifumua, akamnyoa mwili mzima, na nikalazimika kumvalisha sweta ya zamani ya Nasra. Na upweke hauwezi kabisa. Ukimfungia nje analia, tena si kubweka, ni kulia. Jirani alikuja kuniuliza, "Mama Nasra, huyo mbwa ni mgonjwa ama mnamchapa?" Baridi ya Julai ilipofika nilimwingiza jikoni. Kutoka jikoni mpaka sebuleni hakuna aliyempa ruhusa, alijipa mwenyewe. Na kama mnamtaka kwa ulinzi, sahauni. Fundi wa stima alikuja hapa kurekebisha taa, mtu asiyemjua, Kaimati akamlalia juu ya viatu.

Lakini Nasra jamani.

Nasra alianza kwa kumtazama dirishani. Kisha akamrushia mpira akiwa amesimama juu ya kiti. Kisha akawa anamchana. Siku aliyofungua lango mwenyewe akaenda dukani kununua mkate, nilikaa chini sakafuni nikalia kama niliyefiwa. Siwezi kuwadanganya kwamba mbwa huyu hakufanya kazi aliyoletewa.

Halafu likatokea la bakuli. Mama ana bakuli lake hapa kwangu, la udongo, lenye ua la bluu, analotumia yeye tu. Ijumaa moja alifika akamkuta Nasra amelijaza maji, Kaimati anayanywa kwa raha zake. Mtoto hakuwa na ubaya wowote, bakuli hilo ndilo lililokuwa karibu.

Mama hakupiga kelele. Heri angepiga kelele. Alilichukua, akaenda bombani, akachota udongo kwenye kibustani changu cha sukuma wiki, akaliosha mara zote saba bila kuinua kichwa. Akalifuta kwa leso yake, akalitia kwenye mkoba, akaaga. Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata hiyo.

Mume wangu hana maneno mengi. "Huyu mbwa arudi kwenye alitoka," akasema. "Mama ni mmoja." Nikampigia simu yule mama wa Elmenteita, akakubali kumpokea. Nasra alisikia. Hakulia, alikwenda tu kulala na viatu miguuni.

Nilimkasirikia Mama, hilo nalo niliandike. Nilisema moyoni kwamba amejali bakuli kuliko mtoto. Niliandaa hoja, kwamba mbwa waliofunzwa kazi dini inawaruhusu, kwamba nitatenga chumba, kwamba nitaosha na kuosha. Nilipompigia jana kumwomba aje, nilikuwa na hoja hizo tayari mdomoni.

Leo akaja. Alifika langoni akasimama, akaniambia nimletee kiti. Nikadhani anapumzika kidogo. Akakaa, akasema chakula atakula pale pale. Nilimpelekea pilau, nikabaki nimesimama mlangoni, si ndani si nje, na nyuma yangu Kaimati anakwaruza mlango.

Nikarudi langoni karibu yake, nikaanza hoja zangu. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, tena kwa sauti ya chini ili Nasra asisikie, "Mwanangu, najisi mie najua kuiosha. Nimeiosha mbele yako. Huyo mbwa akinijia anatikisa mkia, mie naona mguu wa mtoto mdomoni mwake. Usiku nalala na kiatu mkononi."

Nilikaa chini, kando ya kiti chake.

Mtoto wangu nilimtafutia dawa ya hofu mpaka Elmenteita. Mama yangu, aliyekuwa pale, aliyepigana na yule mbwa, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza yeye anaendeleaje. Tulimshukuru tu. Naona aibu ninapoandika haya.

Alipotaka kuondoka tulimsindikiza kwa miguu, mimi na Nasra. Tulipokaribia kona ya bucha, mbwa wawili wa mtaani walikuwa wamelala kando ya barabara, wamejinyoosha, hawana habari na mtu. Mama akasimama. Mwaka mzima amekuwa akija kwetu na kurudi kwa tuktuk, nami nilidhani ni kwa sababu ya magoti. Aliushika mkono wangu mpaka pete ikaniumiza.

Nasra akanitazama, akamtazama bibi yake. Akaelewa haraka kuliko mimi. Akazunguka, akajiweka kati ya Mama na wale mbwa, akamshika mkono ule mwingine.

"Bibi, usiwaangalie machoni," akasema. "Na usikimbie. Tembea tu na mimi, polepole."

Mama akatembea. Alifumba macho, lakini alitembea. Mbwa mmoja aliinua kichwa, Nasra akamwambia "lala" kama anavyomwambia Kaimati, na mbwa akalala. Tukaendelea hivyo, tumeshikana mikono, mpaka Bondeni.

Mlangoni kwake nilimwambia uamuzi niliokuwa nimeufikia njiani: Kaimati anarudi Elmenteita wiki hii. Nilidhani nampa zawadi.

"Usithubutu," akasema. "Unataka mtoto huyu akue akijua bibi yake ndiye aliyemfukuzia mbwa?"

"Basi utakuja, Mama? Utaingia?"

"Siwezi," akasema. Alikuwa bado amemshika Nasra mkono. "Usinilazimishe, mwanangu. Siwezi."

Kwa hiyo mnaoniuliza kama anafaa nyumba yenye watoto, ndiyo, anafaa. Lakini kabla hujanunua, usihesabu watoto tu. Hesabu na yule anayekuja Ijumaa. Mkalishe chini umuulize anaogopa nini, na akikujibu jambo la dini au la usafi, ngoja kidogo, usimjibu haraka. Huenda lenyewe bado hajalisema.

Nimerudi nyumbani, mume wangu ameniuliza mbwa anaondoka lini. Nimemwambia haondoki, na Mama haingii, na mimi sijui nyumba ya namna hiyo inaendeshwaje. Amenitazama akaenda kuswali.

Ninachojua ni cha Ijumaa ijayo tu. Nitautoa mkeka sebuleni niutandike nje, karibu na lango, na sinia kubwa katikati. Tutakula sote huko na Mama, na majirani wakitaka kutazama, watazame.