Nyumba Imekwisha, Wazee Wamegoma Kurudi

Shangazi Kim-tsu mpendwa, nisaidie kabla sijaanza kuongea peke yangu, maana nyumba yetu imekwisha kukarabatiwa, au karibu imekwisha, au haitakwisha kamwe, sijui tena niseme vipi, nikimuuliza fundi mkuu anasema imebaki kidogo tu, na hiyo kidogo tu ameanza kuisema tangu wakati wa joto, sasa tunavaa masweta na Mwaka Mpya unabisha hodi, na mimi na mume wangu Bun-hiong bado tunaishi ghorofa ya katikati kama watu waliokimbia mafuriko, kila kitu kimefunikwa nailoni, sufuria ya umeme ya kupikia wali iko juu ya mashine ya kufulia, nikila uji nasikia mchanga kwenye meno, na swichi ya sebuleni ukiibonyeza inawaka taa ya chooni, fundi umeme anamlaumu fundi wa lipu, na fundi wa lipu anasema yeye kazi yake ni kuta.

Lakini hayo ya swichi ningeyavumilia, Shangazi. Kinachonichanganya ni wazee wetu waliotangulia. Wamegoma kurudi nyumbani.

Nyumba yetu ni ile nyembamba ya kichochoroni, vyumba vimepandana, na juu kabisa chini ya paa ndiko walikokuwa wazee wa ukoo wa mume wangu, kibao chao cha majina na chetezo chao. Kabla mafundi hawajavunja kitu chochote mama mkwe wangu aliwauliza, kwa vile vipande vyake viwili vya mbao vya kuulizia wazee, kama wako radhi kuhama kwa muda, wakakubali mara moja, kimoja chali kimoja kifudifudi, tukawabeba hadi kwa Baba mdogo Tsai, nyuma ya soko la samaki, na Mama naye akafunga nguo zake akawafuata, tukamwambia, Mama, baki na sisi, chumba chako tutakigusa mwisho, akasema, "Wanakolala wao ndiko ninakolala mimi. Ninyi laleni na vumbi lenu." Tukacheka, tukaona ni sawa tu.

Sasa chumba cha juu kilipokamilika, rangi imekauka, vanishi imeacha kunuka, tulikwenda kwa Baba mdogo kuwauliza wazee kama wako tayari kurudi, Mama akapiga magoti, akataja jina lake na mtaa wetu, akasema, nyumba yenu imekuwa nzuri, mnarudi? Akarusha vile vipande viwili vya mbao. Vyote vikalala chali. Akarudia, chali tena. Yaani wanacheka! Nikamuuliza, "Mama, wanacheka nini?" Akakusanya vipande vyake polepole, akasema, "Labda rangi."

Basi tukapaka rangi nyingine. Wakacheka. Mama akasema labda meza inaangalia vibaya, tukaigeuza meza, na kuigeuza kukalazimu kuhamisha nyaya, na kuhamisha nyaya kukatoboa ukuta uliokwisha kupigwa lipu, wakacheka. Akasema labda mlango, tukabadilisha mlango, ule mpya haufungi kwa sababu sakafu imeinuliwa, wakacheka vilevile, na fundi wetu mkuu, Hok, aliketi ngazini na chai yake ya barafu akaniambia, "Dada, nimefanyia kazi watu wa kila aina, wagomvi, wabahili, wanaobadilisha mawazo kila asubuhi. Lakini mteja marehemu, mama yangu, huyo simuwezi!"

Nitasema ukweli, nilianza kumshuku Mama. Nilidhani ana namna yake ya kurusha, maana ameshika vipande hivyo tangu alipoolewa, kwa hiyo siku moja alipokwenda sokoni nilipiga magoti mwenyewe, nikasema maneno yote kama inavyotakiwa, nikarusha. Chali. Jumapili Bun-hiong naye akarusha. Chali. Nilipoona hivyo nikachanganyikiwa zaidi, kwa sababu kama ingekuwa hila ya Mama ningejua nikasirike na nani.

Na usidhani Mama hatujamjali, Shangazi, ukarabati huu wote tuliuanza kwa ajili yake, maana kila asubuhi alikuwa akipanda ngazi zile hadi juu na vijiti vyake vya udi, na akishuka analalamika, "Magoti haya yataniua kabla ya siku zangu," analalamika hadi majirani wanasikia, ndipo tukaamua kumpa chumba cha chini, karibu na choo, kizuri kuliko chetu, mlango wa kusukuma pembeni, vyuma vya kushikilia kitandani na bafuni, sakafu isiyoteleza, na kengele ukutani ili akitaka kitu asiite kwa kupaza sauti. Chumba chake cha zamani, kile cha ghorofani kinachofuatana na cha wazee, sasa ni ofisi ya Bun-hiong. Siku ya kumwonyesha nilitaka afurahi. Nilimwambia, "Mama, sasa upumzike kabisa, huko juu huna haja tena ya kupanda, udi nitawasha mimi kabla ya kwenda kazini, na siku nikichelewa tumenunua ile ya umeme, unaibonyeza tu inawaka nyekundu, haina hata jivu."

Akasema, "Haya."

Kisha akashika kile chuma cha kitandani, akakitikisa kuona kama kimekaa imara, akabonyeza kengele, akaniuliza, "Hii inalia wapi?"

"Jikoni, Mama."

"Na huko juu?"

"Huko juu hakuna mtu, Mama."

"Aa," akasema. "Hakuna mtu."

Akarudi kwa Baba mdogo kwa miguu, hakutaka pikipiki, na tangu siku hiyo tukimwomba aje alale japo usiku mmoja aone kama godoro linamfaa, anajibu, "Wao wakirudi, nami nitarudi." Nashindwa kuelewa kwa nini anawang'ang'ania wazee kuhusu chumba chake, chumba chake hakina uhusiano wowote na wazee, kiko chini kabisa.

Juzi mambo yakaharibika. Tulikuwa tunakula kwa Baba mdogo, Bun-hiong ametoka kugombana na mpaka rangi, amechoka, akasema mbele ya wote, "Basi tuwapeleke hekaluni wakae huko moja kwa moja! Kuna ukumbi, kuna watu wa kuwahudumia, hata lifti ipo." Mama akaweka vijiti vyake vya kulia juu ya bakuli. "Wazo zuri," akasema. "Mnipeleke na mimi basi." Baba mdogo akacheka akidhani ni utani wake, nami nikacheka, lakini Mama hakuwa anacheka.

Sasa Bun-hiong ameshapata namba ya hekalu na anataka kupiga wiki hii, anasema hawezi kuingia Mwaka Mpya na mafundi ndani ya nyumba na mama yake nje ya nyumba, nami simlaumu, lakini nikifikiria meza ya mkesha tumekaa wawili na sufuria juu ya mashine ya kufulia, moyo unaniuma, nampenda mama huyu, alinifundisha kila ninachopika. Shangazi, wazee hawa wanataka nini? Niongeze taa? Nibadilishe sakafu? Hok anangoja jibu, ameshika msumeno.

Mimi Yu-ching, niliyepotea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, Tainan

*

Yu-ching mwanangu,

Pole kwa mchanga kwenye uji. Ningekupa pole ndefu zaidi, lakini barua yako nimeisoma mara mbili na ya pili niliisoma nimeshika kichwa. Kwanza mwambie huyo Hok aweke msumeno chini. Hakuna cha kukatwa.

Wewe ni mtoto wa Tainan, nisikufundishe mambo ya nyumbani kwenu. Vipande vikilala kifudifudi vyote viwili, hapo wamekukatalia. Vikilala chali, wanacheka, na wakicheka maana yake swali lenu halijakaa sawa, rudini mkaulize vizuri. Hata watoto wanalijua hilo. Mmeambiwa mbadilishe swali, nanyi mkakimbilia dukani kubadilisha rangi. Mkaambiwa tena, mkageuza meza. Hata mimi ningecheka.

Kila mara mmeuliza juu ya nyumba. Nyumba nzuri? Mlango mzuri? Hakuna aliyeuliza jambo ambalo wewe mwenyewe umeliandika, tena kwa furaha, kwamba udi wa asubuhi utauwasha wewe. Nani alikupa kazi hiyo? Mwenye kazi yake yupo na ana nguvu za kutembea kutoka kwenu hadi nyuma ya soko la samaki akikataa pikipiki! Mmemstaafisha mwanamke wa watu, hata kumuaga hamkumuaga, na mahali pake mkaweka balbu nyekundu ya kubonyeza.

Utaniambia alikuwa analalamikia magoti. Alilalamika, ndiyo. Mimi nalalamikia safu hii kila wiki, mgongo, macho, barua zenu zisizo na nukta, lakini aje mtu aniambie pumzika Shangazi, tumenunua mashine, uone kitakachompata. Mtu huilalamikia kazi yake kwa sababu ni yake. Mama yako alikuwa akishuka ngazi zile analalamika ili kichochoro kizima kijue ametoka kwa nani.

Halafu mkampa chumba. Sikatai, kizuri, na nia yako ni njema, naiona. Lakini kitazame kwa macho yake. Vyuma kitandani, vyuma bafuni, kengele ukutani. Umemtandikia mgonjwa, na yeye hajaugua. Chumba chake kimekuwa ofisi, wazee wake wamepewa mtu mwingine, na aliyebaki kuitwa Mama anatakiwa alale chini abonyeze kengele. Ulitaka kumwambia mnampenda. Alichosikia ni kwamba zamu yake imekwisha. Ndiyo maana alikuuliza kengele inalia wapi, nawe, Yu-ching, ukamjibu huko juu hakuna mtu. Ulimwambia mama huyo, ambaye amepanda kuwasalimu kila asubuhi tangu alipoolewa, kwamba huko juu hakuna mtu! Nilipofika hapo niliinuka nikaenda kunywa maji.

Naye ana kosa lake, simwachi. Labda rangi, labda meza, labda mlango! Angefungua kinywa akasema, msingetoboa ukuta. Lakini amewaona mmetumia nguvu zenu zote kwa ajili yake, mnakula mchanga kwa ajili yake, angeanzaje kusema chumba hakitaki? Akasema haya. Akaondoka, akangoja wazee wamsemee. Kama wanaocheka ni wao au ni mbao tu, mimi sijui, wala wewe huhitaji kujua. Jibu ni lile lile.

Sasa sikiliza, na safari hii usiongeze ubunifu wako.

Bun-hiong afute namba ya hekalu leo, na kabla hajala amwombe mama yake radhi kwa yale aliyosema mezani. Neno la lifti hasa. Wewe nenda kwa Baba mdogo peke yako, asubuhi, Mama akiwa anawasha udi, usibebe zawadi, usibebe sampuli ya kigae. Ngoja amalize. Muulize, "Mama, tukirudi nyumbani, udi wa asubuhi atawasha nani?" Kisha nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni kazi, nimeiona barua. Nyamaza hivyo hivyo. Akisema wewe, basi pokea kwa mikono miwili na umwombe akufundishe. Lakini hatasema wewe. Atakapojibu, mpe vipande vyake, awaulize wazee hilo hilo alilokujibu, kwa maneno yake, nawe usimkosoe.

Ofisi ihamie chini, Mama arudishiwe chumba chake. Bun-hiong atafanyia hesabu zake karibu na choo, hatakufa. Vile vyuma Hok avifungue, avifunge ngazini, kutoka mlangoni hadi mlango wa wazee, pande zote mbili, maana magoti kweli ni mabovu na hilo wala halina ubishi. Katikati aweke kiti cha kupumzikia. Mama akipanda, usimshike mkono wala usimfuate nyuma ukihema kama mlinzi. Mwache apande, mwache alalamike. Udi wa umeme upeleke jikoni, ukusaidie kuona usiku hadi hao mafundi wapatane juu ya swichi.

Kengele msiitupe. Waambie waweke nyingine huko juu, kwa wazee, na kitufe chake jikoni, ilie anapoitwa mtu wa huko. Siku ya mkesha chakula kikiwa tayari, bonyeza hicho kitufe cha jikoni, usikilize nani anajibu kutoka juu kwamba amesikia, anakuja, msianze bila yeye.