Bhoke Kanizuia Mlangoni

Nkende, Tarime, Jumanne

Bado nimekasirika kidogo. Bhoke, mwanafunzi wangu wa shahada ya pili ninayemzoeza kufundisha, alinisimamisha mlangoni mwa darasa asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo naomba usiingie."

Kila anapokwama mimi humalizia somo. Nilidhani namsaidia.

Nikabaki nje kwenye baridi. Ndani aliwauliza wanachuo wa mwaka wa kwanza, tuliowaleta huku Tarime kujifunza maisha ya vijiji vya ujamaa, kama mtu huhama nyumba yake kwa hiari. Kimya. Kimya kirefu mno. Nikashika kitasa. Nikiingia sasa, hatathubutu tena kusimama peke yake. Nikakiachia, nikasogea kando.

Kijana mmoja akajibu. Mwenzake akampinga. Mara darasa zima likawa linabishana. Kwangu huwa wanaandika tu.

Alipotoka nikamwambia, "Sikusikia kitu. Nilikuwa mbali."

"Mwalimu, ulikuwa dirishani. Kivuli chako kilikuwa ubaoni."

Hakucheka. Na mimi sikucheka.

Tukirudi chuoni atapewa darasa lake, na sijui kama atanihitaji. Kesho asubuhi, wakati wa kipindi chake, nitakwenda sokoni. Sina cha kununua.