Kishingo wa Mama Yako

Mpwa wangu kipenzi,

Pokea salamu nyingi kuliko zinazoweza kubebwa na bahasha hii. U mzima? Kazi inakwendaje huko? Mimi niko imara kabisa. Juzi nilinyanyua mlango wa chuma peke yangu. Muulize fundi viatu, ingawa atakana kwa wivu.

Habari kubwa huku ni kuku. Mtetea mchanga asiye na mwenyewe aliingia chumbani kwa mama yako, akajikunja chini ya cherehani, shingo tupu haina hata unyoya. Fundi viatu akasema ni kuchi, eti miguu mirefu. Muuza mayai akasema chotara. Nikawaambia wanyamaze, mimi ndiye niliyewahi kumtambua kuku gizani kwa kikohozi chake tu! Huyu ni kishingo, wanazaliwa hivyo na wanakufa hivyo. Nikaapa kwamba akiota manyoya shingoni, nanyoa masharubu.

Mama yako akavua kilemba, akatuonyesha kichwa kilichopukutishwa nywele zote na dawa za hospitali, akasema basi yeye na huyo kuku ni ukoo mmoja. Akamwita Pacha, akawa anamlisha kiganjani.

Mpwa wangu, shingo imeota manyoya! Kumbe alikuwa amedonolewa na wenzake tu. Fundi viatu alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Masharubu yamekwenda, yale uliyokuwa ukiyavuta utotoni, na wembe aliushika mama yako mwenyewe. Alipomaliza akauchukua mkono wangu, akaupitisha kichwani kwake. Nywele zinaota, laini kama za kifaranga. Anasema Pacha amemtangulia kupona, sasa ni zamu yake. Ameanza kushona gauni la kukupokelea stendi.

Nilicheka naye. Lakini daktari alikuwa ameshaniita pembeni. Nywele zinaota kwa sababu ile dawa wameiacha, haimsaidii tena. Vidonge anavyomeza sasa ni vya maumivu tu. Daktari akaniuliza kama nitamweleza dada yangu mwenyewe, na mimi, mwenye maneno kuliko redio, mpaka leo sijamwambia.

Usingoje likizo, mpwa wangu. Njoo kabla gauni halijaisha. Ukifika, anza kwa kuucheka huu mdomo wangu mtupu. Atakusimulia habari za Pacha. Msikilize mpaka mwisho.

Anakusalimu sana, amekaa dirishani anatia uzi sindanoni.

Ni mimi mjomba wako,
aliyekuwa na masharubu.