Kaka Ketill Amewapeleka kwa Flekka

Hrísey,
Ghuba ya Eyjafjörður,
Aisilandi.
21 Agosti.

Mpendwa dada Dagný,

Salamu nyingi kutoka kisiwani. U hali gani huko Winnipeg? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na binti yako Unnur anaendelea kuimba kwaya? Sisi huku miili ni mizima. Mama anatembea mwenyewe hadi dukani na kurudi na umbea wa kisiwa kizima. Alitaka nikutumie samaki wakavu, nikamwambia wataliwa na watu wa forodha.

Majira ya joto mwaka huu yamekuwa mazuri ajabu. Bahari imetulia kama maji ya beseni, hata unamsikia nyangumi akipumua kabla hujamwona. Pomboo wanatusindikiza karibu kila safari ya kuwaonyesha watalii nyangumi, wakiruka mbele ya boti mpaka wageni wanasahau kupiga picha.

Dada, ningeweza kuendelea hivi mpaka karatasi iishe, lakini moyo wangu hauko kwa pomboo.

Unamkumbuka Flekka, yule nyangumi mwenye doa jeupe mkiani. Mwezi wa sita alirudi na mtoto, mdogo na dhaifu. Kila mchana alimpeleka kwenye kile kijighuba nyuma ya majabali, wakatulia pale, mtoto kajiegemeza ubavuni mwa mama yake. Aliyejua ni mimi na kaka Ketill tu. Tukakubaliana mbele ya Mama kwamba hatutapeleka wageni pale wala kumwambia mtu. Ketill mwenyewe ndiye aliyesema, “Mwacheni apumzike. Analea peke yake, kama Mama alivyotulea.”

Mwanzoni mwa mwezi huu nilitoka na wageni, Ketill akiwa ameniaga kwamba anakwenda mjini kung'oa jino. Tulipokaribia majabali nikaona boti za mwendo kasi za kampuni mpya ya utalii ya mjini zimejaa ndani ya kijighuba. Nikazima injini, nikachukua darubini. Aliyeshika usukani wa boti ya mbele alivaa sweta alilofuma Mama.

Nilimwita kwenye redio.

“Ketill, unafanya nini humo? Toka!”

“Salka, usinipigie kelele mbele ya wateja. Sogea pembeni, unanizibia.”

“Mtoto yuko kulia kwako! Zima injini!”

“Tulia basi, mdogo wangu. Kwani nyangumi umemzaa wewe?”

Wageni wangu walisikia yote. Flekka alijaribu kutoka, boti zikamzibia njia. Akayapiga maji kwa mkia, kisha akazama. Mtoto akabaki juu, akizunguka ovyo katikati ya zile kelele. Niliingiza boti yangu katikati, nikaizima, nikakaa hapo mpaka walipochoka kunitukana wakaondoka. Mtoto naye akatoka nje ya kijighuba. Sikuona kama alimpata mama yake.

Jioni nilimfuata Ketill kwenye bwawa la maji moto. Alikuwa amejilaza na wenzake, anacheka. Tinna wa posta akampigia kelele, “Nahodha wa mjini, dada yako huyo anakuja, piga mbizi!” Watu wakaangua kicheko.

“Jino limeng'oka?” nikamuuliza.

“Salka, boti ya Baba imechoka. Hawa wamenipa boti mpya. Walitaka nahodha anayejua nyangumi wanapolala. Ningewaambia nini?”

“Ungewaambia hujui.”

“Dagný ndiye aliyenishauri nikubali. Nilimweleza kila kitu, hata habari ya Flekka. Nuna mpaka uchoke, lakini muulize.”

Nilichukua taulo langu nikaondoka bila hata kuingia majini.

Juzi wavuvi wa kisiwa cha Grímsey walimwona Flekka huko nje, wakamtambua kwa lile doa. Alikuwa peke yake. Nilimwambia Mama, na chakula cha Jumapili alipanga sahani mbili tu, yake na yangu.

Dada, wewe ndiye uliyenifundisha kuzima injini na kusubiri. Tangu ile jioni nimekuwa nikikutetea kichwani mwangu. Niandikie uniambie kwamba Ketill amekusingizia. Ukisema hivyo nitakuamini, wala sitauliza tena. Na kama ni kweli, niandikie vilevile. Nataka nisikie kwako, si bwawani mbele ya watu.

Msalimie Unnur na shemeji Haraldur. Shangazi Hallbera anakusalimu na kukuulizia. Mungu akulinde na baridi ya huko. Hilo bado nakuombea kila siku.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo,

Salka